Barua ya wazi kwa wanaoajiri walimu wa kigeni wa Kiingereza: mwalimu apimwe darasani

Kwa wizara za elimu na idara za uhamiaji za nchi zinazoajiri walimu wa kigeni wa Kiingereza, pamoja na wamiliki wa shule za lugha na kampuni za uwakala.

YAH: VIGEZO VYA AJIRA NA MISHAHARA YA WALIMU WA KIGENI WA KIINGEREZA

Waheshimiwa,

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka kumi na minane. Saba ya kwanza nilifundisha kwetu, kumi na mmoja iliyofuata nikafundisha Asia, sehemu kubwa nikiwa Japani. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyonilea, na kwa kuwa nataka walimu wenzangu waisome pamoja nanyi. Nawazungumzia wale ambao kila mwaka wanapeleka vyeti vyao kugongwa mihuri, wanalipia ripoti ya polisi, wanatuma maombi kwenu, kisha wanajibiwa kwa mstari mmoja kwamba uraia wao haukubaliki. Wakalimani mnao. Namwomba mmoja wao aketi nanyi, aisome yote.

Ombi langu nalitanguliza. Mwalimu wa Kiingereza apimwe kwa Kiingereza chake na kwa ufundishaji wake, na akishafaulu alipwe sawa na mwenzake aliyefaulu kipimo hichohicho. Leo anapimwa kwa jalada la pasipoti, halafu kwa picha, na mshahara unafuata hivyo viwili.

Nianze na Korea Kusini, maana sheria yake haina mafumbo. Viza ya kufundisha lugha, ile ya E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Ukiwa raia wa mojawapo, unahitaji shahada ya kwanza, nayo yaweza kuwa ya somo lolote, iwe muziki, biashara au elimu ya miamba. Kijana aliyehitimu juzi na hajawahi kusimama mbele ya darasa anaingia. Mwalimu wa Ghana, Nijeria, Kenya, Ufilipino au Uholanzi, hata awe na shahada ya uzamili ya kufundisha lugha na miaka ishirini ya kazi, kwa viza hiyo hana pa kupita.

Yuko mmoja aliyepata pa kupita, naye ni Mhindi. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Korea na India, ulioanza kutumika Januari 2010, uliwaruhusu Wahindi wenye shahada na cheti cha ualimu wa Kiingereza kuomba viza hiyo. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba ukuta huu haukujengwa na sayansi ya lugha. Walikaa watu mezani, wakakubaliana, mlango ukafunguka, na kilichoangaliwa ni cheti cha ualimu. Kama cheti kinatosha kumpima Mhindi, naomba nielezwe kwa nini hakitoshi kumpima mwingine.

China nayo, tangu ilipounganisha mfumo wa vibali vya kazi mwaka 2017, inataka kimsingi kwamba mwalimu wa lugha afundishe lugha ya mama yake. Huenda aliyeiandika kanuni hiyo alikusudia ubora. Matokeo yake tunayajua sisi tulioishi na walimu huko: shule inamtaka mwalimu, kibali hakitoki, basi wakala anamwingiza kwa viza ya masomo au ya biashara na kumwambia asiwe na wasiwasi. Siku ya ukaguzi ni mwalimu anayewekwa ndani na kurudishwa kwao. Mwanafunzi anaamka asubuhi na kukuta kiti cha mwalimu hakina mtu.

Thailand imejaribu njia nyingine. Asiye mzawa wa lugha, yaani ambaye Kiingereza si lugha ya mama yake, anatakiwa alete matokeo ya mtihani wa Kiingereza, kwa mfano TOEIC ya alama 600 au zaidi. Wazo ni zuri, ila kiwango chenyewe ni cha chini mno. Mtihani ule una alama 990, na mtu mwenye 600 bado anahangaika na barua ya kawaida ya ofisini. Mimi nisingependa mwanangu afundishwe naye. Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu nikisema haya wapo wanaodhani nawaombea huruma walimu dhaifu. Naomba mkaze kigezo. Nimekutana na walimu kutoka mataifa yasiyo ya zile saba ambao Kiingereza chao kilikuwa kibovu, na waliajiriwa kwa kuwa walikubali mshahara mdogo. Wanafunzi walidhulumiwa. Wekeni mtihani mgumu, kiwango cha C1 kwenda juu katika vipimo vya Ulaya, yaani ngazi ya pili kutoka juu, tuufanye sote, na atakayeshindwa asiajiriwe.

Japani, ambako nimeishi, imekaribia haki kuliko nyingi. Kwa viza ya ualimu wa shule za kawaida, anayefundisha lugha ya kigeni anatakiwa awe amesomeshwa kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Uraia hautajwi. Na mpango wa serikali wa JET, unaoleta wageni kusaidia kufundisha lugha mashuleni, ulioanza mwaka 1987, umepokea watu kutoka Jamaika, Trinidad na Tobago, Singapore na kwingineko. Lakini hata hii ya miaka 12 inahesabu miaka ikaacha uwezo. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alisomeshwa kwa Kiswahili miaka yote saba. Akiongeza sita ya sekondari na mitatu ya chuo kikuu kwa Kiingereza, ana tisa. Anaweza kuwa mwalimu bora kuliko mimi, na fomu itamkataa kwa hesabu ya kujumlisha.

Mfano ninaoupenda uko Hong Kong. Mpango wao wa kuajiri walimu wa Kiingereza kwa shule za sekondari, ulioanza mwaka 1998, jina lake linawataja wazawa wa lugha, lakini masharti yenyewe yanampokea pia mtu mwenye umahiri wa Kiingereza unaolingana na wa mzawa. Wanadai vyeti vya ualimu, na wanalipa kwa ngazi ya mshahara inayojulikana. Hakuna aliyesikia kwamba Kiingereza cha Hong Kong kiliharibika kwa sababu hiyo.

Imani kwamba mzawa ndiye mwalimu bora ina historia, na sehemu moja ya historia hiyo inaniuma kwa namna ya pekee. Mwaka 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwanaisimu Robert Phillipson alipoichambua misimamo iliyotoka katika mkutano ule, mwaka 1992, alionyesha kwamba mmojawapo ulikuwa huu: mwalimu anayefaa zaidi ni mzawa wa lugha. Akauita dhana potofu. Fikirini, waheshimiwa. Maneno yanayomfungia nje mwalimu wa Afrika Mashariki yalipata nguvu Afrika Mashariki, katika chuo ambacho wakati huohuo kilikuwa kikitoa wasomi na waandishi wa Kiingereza wa kujivunia. Mwaka 2006 TESOL, chama kikubwa cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, kilitoa tamko rasmi la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa wa lugha. Wataalamu walishahama kutoka kwenye imani ile. Fomu zenu hazijahama.

Sasa niwapeleke darasani, maana mambo haya yakijadiliwa ofisini yanakuwa ya makaratasi tu.

Lilikuwa darasa la kwanza la sekondari ya chini, watoto wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu. Msichana mmoja mkimya, mwenye daftari safi kuliko wote, aliandika “I like dog.” Mwalimu mwenzangu, kijana mzuri aliyezaliwa na kukulia ndani ya Kiingereza, akamsahihisha: “dogs”. Wiki iliyofuata mtoto akaandika vilevile, akasahihishwa tena. Mara ya tatu akauliza, kupitia mwalimu wa Kijapani tuliyefundisha naye, kwa nini. Mwenzangu alifikiri sana, kisha akasema alichokuwa nacho: ndivyo inavyosikika sawa.

Nikaomba ruhusa, nikasogea mezani kwa yule mtoto. Nilipajua pale alipokwama, maana nami nilikwama papo hapo nikiwa na umri wake. Kiswahili kinasema “napenda mbwa”, na mbwa huyo ni mmoja, ni wengi, ni mbwa wote duniani, neno halibadiliki. Kijapani nacho ni hivyohivyo, “inu” ni ileile kwa mmoja na kwa mia. Kiingereza hakikubali. Kinataka kila jina lijibu kwanza: wewe unahesabika au huhesabiki? Ukimwondolea mbwa hesabu, anaacha kuwa mnyama anayetembea, anageuka kitu cha kukatwa na kupimwa kwenye mizani, yaani nyama. Nikamchorea mbwa watatu upande mmoja wa karatasi, na kipande cha nyama kwenye sahani upande wa pili. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akafuta, akaandika “s” kubwa, akaipigia mstari mara mbili. Kosa lile hakulirudia mwaka mzima, na siku moja nilimwona akimweleza jirani yake kwa kumchorea mbwa.

Siku nyingine tulikuwa kwenye matamshi. Wavulana wa safu ya nyuma walikuwa wakinong'ona badala ya kusema, kwa aibu ya lafudhi yao. Nikaandika ubaoni safu mbili. Basi la Kiingereza kwa Wajapani limekuwa “basu”, kwetu likawa “basi”. Shati kwao ni “shatsu”. Nikawaambia kwamba upande wa pili wa dunia kuna mamilioni ya watu ambao ndimi zao, kama za wavulana wale, hazipendi neno liishie hewani bila irabu, na kwamba mimi ni mmoja wao, na nilijifunza taratibu kuiacha konsonanti isimame peke yake. Darasa zima likacheka. Wale wa nyuma wakaanza kusema kwa sauti. Walikuwa wamedhani ni wao tu duniani.

Sisemi mwenzangu hakufaa. Alikuwa na vitu ambavyo sina: misemo ya vijana, nyimbo za utotoni, utani unaomjia bila kuutafuta. Shule iliyotupata sote wawili ilipata bahati. Ila kwa sheria ya E-2 yeye angepokelewa kesho yake asubuhi, na mimi nisingepokelewa kamwe.

Kabla ya shule hiyo niliomba kazi katika shule moja binafsi ya lugha. Sitaitaja. Tulizungumza kwa simu karibu dakika arobaini na msimamizi wa masomo. Akaniuliza ningefundishaje wakati timilifu kwa watu wazima waanzao, nikamweleza, akaniuliza zaidi, tukacheka pamoja. Akasema nitaanza Jumatatu. Akaomba picha, kwa ajili ya faili. Nikaituma jioni ileile. Baada ya siku mbili ukaja ujumbe kwamba nafasi imejaa. Nikampigia, na kwa heshima yake nasema hakunidanganya. Aliniambia wazazi wamezoea mwalimu wa sura fulani na mmiliki anaogopa watahama. Alikuwa anaumia kusema. Mimi nilikuwa nimekwisha kununua viatu vya kazi.

Wamiliki wa shule, hoja hiyo ya wazazi nimeisikia mara nyingi sana, na naomba niwajibu kama mtu aliyewahi kukaa na wazazi hao ana kwa ana. Mzazi anazoea anachoonyeshwa. Mabango yenu kwa miaka yote yamemwonyesha uso wa aina moja na kumwambia huo ndio Kiingereza, naye amewaamini. Mkimwonyesha mtoto wake akisoma, atabadilika. Yule bibi aliyekuja kumlalamikia mkuu wa shule kwamba mjukuu wake amepewa mwalimu “asiye wa kweli” alirudi mwisho wa mwaka akiwa ameshika mkono wa mjukuu, akainama mbele yangu kwa muda mrefu bila kusema neno. Nami niliinama.

Nije kwenye mshahara.

Katika kampuni ile ya uwakala iliyotupeleka mashuleni, mimi nilikuwa nalipwa yen 210,000 kwa mwezi na yule kijana mwenzangu yen 250,000. Niliujua mshahara wake kwa kuwa yeye mwenyewe alinionyesha hati ya malipo, huku ameinamisha uso. Shahada yake ilikuwa ya elimu ya miamba. Yangu ilikuwa ya ualimu, na nilikuwa nimefundisha miaka saba kabla ya kupanda ndege. Ratiba yetu ilikuwa moja. Maandalio ya masomo aliyoyatumia mwaka ule wa kwanza tuliyaandika pamoja jioni, kalamu ikiwa mkononi mwangu, kwa kuwa alikuwa analiogopa darasa na nilimwonea huruma. Nilipouliza ofisini nikaambiwa kuna ngazi mbili, ya wazawa na ya wasio wazawa. Haikuwa imeandikwa kwenye mkataba. Nikauliza mtu anapandaje kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu. Hapakuwa na jibu, maana njia pekee ingekuwa kuzaliwa tena kwingine.

Yen 40,000 kwa mwezi ni yen 480,000 kwa mwaka, zaidi ya mishahara yangu miwili. Thailand pengo huwa kubwa zaidi. Huko mwalimu Mfilipino na mwalimu Mwingereza wanaweza kufundisha kwa zamu darasa lilelile, wa kwanza akilipwa karibu nusu ya wa pili, na mara nyingi ni yeye anayebebeshwa vipindi vingi na kazi ya kusahihisha.

Na hapa nina neno kwa walimu wa zile nchi saba, ambao wengi ni marafiki zangu. Mfumo huu unawapunja na ninyi. Mwajiri anaposema anachohitaji ni pasipoti na shahada ya chochote, amesema kwamba ujuzi wa kufundisha hauna thamani kwake, na kisicho na thamani hakilipwi. Ndiyo maana mwalimu wa mwaka wa kumi katika kampuni nyingi hizi analipwa karibu sawa na wa mwaka wa kwanza, kwani uwanja wa ndege unaleta wengine kila msimu. Hata mpango wa JET, unaosifiwa kwa malipo yake, uliweka mshahara wa mwaka wa kwanza kuwa yen 3,360,000 mwaka 2012, ukabaki papo hapo mpaka mwaka 2025 ulipopandishwa hadi yen 4,020,000. Na mtu hawezi kuzidisha miaka mitano katika mpango huo. Anapokuwa amekomaa, anaondoka.

Mwalimu wa bei nafuu akiwekwa kando ya mwalimu wa bei ghali, na wote hawapimwi, mwenye shule ana silaha mbili. Akitaka kumnyamazisha wa kwanza anamwonyesha pasipoti yake. Akitaka kumnyamazisha wa pili anamwonyesha wa kwanza.

Mikataba nayo ina hila zake. Kwa miaka mingi walimu Japani walipewa mikataba ya saa 29 na nusu kwa wiki, nusu saa chini ya zile saa 30 ambazo zingemlazimu mwajiri kuchangia bima ya afya na pensheni. Serikali ilirekebisha. Wajibu ulishushwa hadi saa 20 kwa wiki, kwanza kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 500 mwaka 2016, zaidi ya 100 mwaka 2022, na zaidi ya 50 mwaka 2024. Nawashukuru waliolifanyia kazi jambo hilo, na wapo walimu waliotibiwa kwa sababu yake. Kilichobaki ni malipo ya siku kwa siku, ambayo Agosti shule zikifungwa yanamwacha mwalimu na kodi ya nyumba ileile na robo ya mshahara. Korea ina sheria nzuri ya kiinua mgongo: ukimaliza mwaka mmoja unastahili angalau malipo ya siku 30. Basi walimu wanafukuzwa wakiwa wametimiza miezi kumi na moja, kabla mwaka haujaisha.

Naye mwalimu anakubali, kwa kuwa kibali chake kimeshikwa na mwajiri. Kwa viza ya E-2 kuhama katikati ya mkataba kunahitaji barua ya kuachiliwa kutoka kwa huyohuyo unayemkimbia. Nyumba mara nyingi ni ya mwajiri pia. Nova, kampuni ya shule za lugha ya Japani, ilipoanguka Oktoba 2007, maelfu ya walimu wa kigeni walijikuta bila mishahara, na wengine waliokuwa wakiishi katika nyumba zilizopangwa na kampuni wakapokea notisi za kuhama. Wapo waliofundisha kwa kubadilishana na chakula. Wengi wao walikuwa raia wa nchi zinazopendelewa. Pasipoti haikuwalisha.

Waheshimiwa, sheria hizi zinaweza kubadilika, na ninyi wenyewe mmekwisha kuzibadilisha. Korea iliwahi kuwalazimisha walimu wa kigeni wapimwe Virusi vya Ukimwi, huku Wakorea wanaofanya kazi hiyohiyo wakiachwa. Mwalimu mmoja kutoka Nyuzilandi akakataa kurudia kipimo, akapoteza kazi, akapeleka shauri lake Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi ikampa haki. Mwaka 2017 sharti lile likaondolewa. Hakuna shule iliyofungwa kwa ajili hiyo.

Tena mmeahidi. Korea Kusini iliridhia mwaka 1998 Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaokataza ubaguzi katika ajira kwa misingi ikiwamo rangi na asili ya taifa. Vietnam ilikuwa imeuridhia mwaka 1997, China ikaridhia mwaka 2006, Thailand mwaka 2017. Japani bado, na naiomba iuridhie. Pendekezo la pamoja la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, la mwaka 1966, linasema maandalizi na ajira za walimu zisiwe na ubaguzi wa aina hiyo. Kila tarehe 5 Oktoba mnaadhimisha pendekezo hilo kwa hotuba na maua. Nimewahi kupewa ua mojawapo.

Ninachoomba kwa idara za uhamiaji ni kwamba orodha ya nchi iondolewe, mahali pake pawe na mtihani wa lugha wa kiwango cha juu na cheti cha ualimu kilichopatikana kwa kufundisha watu, mwombaji akitazamwa. Kozi ya CELTA ya ualimu wa Kiingereza, kwa mfano, inadai saa zisizopungua 120 za mafunzo, na ndani yake saa sita za kufundisha wanafunzi halisi mbele ya mtathmini. Vyeti vya kusoma mtandaoni wikiendi mbili na kuchapishiwa nyumbani visihesabiwe, awe ni nani aliyevileta. Kibali kiandikwe kwa jina la mwalimu, na apewe miezi mitatu ya kutafuta kazi nyingine mwajiri akivunja mkataba.

Kwa wizara za elimu, tangazeni ngazi ya mishahara hadharani, kwa sifa na kwa miaka ya kazi, na muifanye iwabane pia mawakala mnaowapa zabuni za kuleta walimu. Mnapochagua zabuni ya bei ya chini kabisa, anayelipa tofauti ni mwalimu. Na mawakala wanaomtoza mwalimu ada ili wampatie kazi wafutiwe leseni. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umekwisha kusema kwamba mfanyakazi asitozwe.

Nanyi wamiliki wa shule, kwenu nina ombi dogo ambalo halingoji bunge wala waziri. Fungueni fomu yenu ya maombi ya kazi. Ukurasa wa kwanza una nafasi ya picha, na chini yake nafasi ya uraia. Ziondoeni zote mbili mpeleke taarifa hizo kwenye karatasi ya viza, mtu akiwa amekwisha kupata kazi. Mahali pa picha andikeni: “Utafundisha somo la dakika ishirini kwa wanafunzi wetu.” Mwiteni anayefuata kwenye foleni, mpeni chaki, na nyuma ya darasa wekeni viti viwili, kimoja cha mwalimu wenu mzoefu na kingine cha mzazi.

Mimi niko tayari kuja siku yoyote mtakayopanga, kwa nauli yangu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiingereza